Dola ya fedha ya 1893 yenye herufi S: uzito umekaa sawa, lakini nina wasiwasi

Mjukuu wa Nansio

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Naomba msaada kabla sijafanya kosa. Babu yangu mzaa mama alifariki mwezi wa tatu huko Nansio, kisiwani Ukerewe. Ujanani alikuwa baharia, alipandia meli za mizigo Mombasa akazunguka dunia, kisha akarudi ziwani na kufanya kazi kwenye meli za abiria mpaka alipostaafu. Baada ya arobaini, mama mdogo alifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufi, tukakuta sarafu tano kubwa za fedha. Nne ni dola za Marekani, mbele kichwa cha mwanamke na nyuma tai: 1878, 1888, 1893 na 1921. Ya tano ina mama mnene aliyejifunika mtandio, imeandikwa 1780, na imetobolewa juu.

Familia imenikabidhi mimi kazi ya kuziuza kwa kuwa ndiye ninayeishi mjini, hapa Kirumba, Mwanza. Pesa itajengea kaburi, itakayobaki ni ada ya wadogo zangu wawili.

Nilizipeleka kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Akazimwaga zote kwa pamoja kwenye mizani, akanipa bei ya fedha chakavu, kwa gramu. Nikazikusanya nikaondoka. Kesho yake akanipigia mwenyewe. Safari hii anataka ile ya 1893 peke yake, kwa bei inayozidi mara thelathini ile aliyotaja jana, kwa sababu nyuma ina herufi ndogo S na ana mteja nje ya nchi. Ila anataka nisaini karatasi kwamba mimi mwenye mali ndiye ninayethibitisha kuwa ni halisi. Hapo ndipo usingizi ulipokata.

Nimeipima kwa jirani mwenye mizani ya dhahabu, ni gramu 26.6. Sumaku haishiki. Nimesoma kwamba dola ya 1893 yenye S inatafutwa kuliko karibu zote za aina yake. Je, hii inatosha kusaini?

Swali la pili: ile ya 1878 ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, nikaisugua kwa majivu na ndimu. Sasa inang'aa sana. Nimekosea?

Kijana wa Mwaloni

Pole kwa msiba, dada. Kama uzito umekaa na sumaku haishiki, hiyo ni fedha, hakuna mjadala. Mimi ningeuza leo leo kabla mteja hajabadili mawazo. Karatasi ni karatasi tu.

Sonara wa Makoroboi

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa babu. Mungu ampumzishe.

Mimi ni sonara. Nimeketi Makoroboi na jiko langu tangu 1984, na dola hizi za kichwa cha mwanamke nazikusanya tangu 1996. Naandika kwa urefu kwa sababu pesa yenyewe si ndogo, na kwa sababu jambo hili liliwahi kuniumiza.

Usisaini. Kijana wa Mwaloni ana nia njema, lakini karatasi ile ndiyo biashara yenyewe. Mnunuzi anayejua kwamba sarafu ni halisi hahitaji saini ya binti aliyeikuta kwenye soksi. Anayehitaji saini ni yule mwenye shaka, anayetaka mzigo wa shaka uhamie kwako.

Sasa tuanze na mizani. Dola hizi, zinazoitwa Morgan kwa jina la mchoraji wake George T. Morgan, ziligongwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ikiwa mpya ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1, na sehemu 90 katika 100 ni fedha. Iliyotembea mikononi inapungua kidogo, kwa hiyo 26.6 yako ni uzito wa kawaida. Lakini mtu anaweza kukata madini mengine yakafikia uzito huo, kwa hiyo fanya na kipimo cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa dola halali itasoma karibu 2.6. Ikisoma 3, ulichoshika ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliopakwa rangi ya fedha. Dhahabu ya Geita naipima hivyo hivyo kila siku, tofauti ni hesabu tu.

Hata hivyo, tuseme imesoma 2.6. Bado hujajua kitu kuhusu S.

Mizani na maji yanajibu kuhusu madini. Kama ni sarafu ya mwaka fulani kutoka kiwanda fulani, aliyeshuhudia ni muhuri ulioigonga. Kila sarafu inagongwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja una kichwa, mwingine una tai. Muhuri ukichubuka kiwandani, kila sarafu inayotoka hapo inazaliwa na alama hiyo, na alama hiyo huwa imeinuka juu ya uso wa fedha, kama mshono wa nguo. Mkwaruzo wa mfukoni au wa sandukuni huwa umezama. Pitisha macho kwa lenzi huku ukiinamisha sarafu polepole, utaona tofauti: ulioinuka una kivuli upande wa pili wa taa, uliozama una kivuli upande wa taa. Ukishajifunza hilo umejifunza nusu ya kazi hii.

Mwaka 1893, kiwanda cha sarafu cha San Francisco, ambacho alama yake ni hiyo S, kilitoa dola 100,000 tu. Kwa upande wa kichwa kilitumia muhuri mmoja. Mmoja, mwanangu. Maana yake dola zote za 1893 zenye S zina uso wa mama mmoja, na wewe unaweza kumtambua huyo mama ukiwa Kirumba hapo hapo. Angalia neno LIBERTY kwenye taji la yule mwanamke. Juu ya herufi T, kwenye ule mstari wa kulala, pawe na kistari chembamba cha mshazari kilichoinuka. Kisha angalia mwaka: tarakimu zinapanda kidogo kuelekea kulia, 3 iko juu kidogo kuliko 1. Alama hizi hazifutiki haraka, hata kwenye sarafu iliyochakaa kistari cha T mara nyingi bado kinaonekana.

Kwa nini nakusisitizia upande wa kichwa wakati S iko nyuma? Kwa sababu mwaka huohuo kiwanda cha Philadelphia kilitoa dola zisizo na herufi yoyote, karibu 378,000. Walaghai wamekuwa wakichukua dola halali ya Philadelphia na kupachika S chini ya lile shada la majani, juu ya neno DOLLAR. Fedha ni halali, uzito halali, maji yanasoma halali, tai halali. Herufi moja ndogo kama chembe ya mtama ndiyo ya kughushi. Mimi ni mtu wa lehemu, najua inavyoacha alama: angalia shina la S kwa lenzi. Iliyogongwa inaota kutoka kwenye fedha, haina mpaka. Iliyopachikwa ina kifereji kuizunguka, au rangi ya pale inatofautiana kidogo na ya pembeni.

Naomba nikueleze jambo langu. Mwaka 1998 nilinunua dukani Nairobi dola ya 1902 ya New Orleans, yenye herufi O ndogo kuliko kawaida. Nililipa akiba ya miezi minne. Nilipima, nikaweka maji, nikaona fedha safi, nikafurahi. Mwaka 2005 ikabainika Marekani kwamba dola za O ndogo za 1896, 1900 na 1902 ziligongwa na wahalifu wa zamani. Walitumia fedha ya kweli. Kilichowaumbua ni mihuri: kasoro zilezile zilijirudia kwenye sarafu za miaka tofauti. Kampuni zilizokuwa zimezipa vyeti zikaacha kuzithibitisha. Ya 1899 yenye O ndogo ni halali, hizo nyingine tatu siyo. Mimi nilikuwa na mizani bora kuliko zote mtaani na haikunisaidia. Tangu siku hiyo sarafu ikiingia kwangu, lenzi kwanza, mizani baadaye.

Kwa hizo nyingine:

Ya 1878, hesabu manyoya ya mkia wa tai. Mihuri ya mwanzo kabisa ilikuwa na manyoya 8, ikabadilishwa kuwa 7, na baadhi ya mihuri ya zamani ikagongwa upya juu yake, kwa hiyo kuna dola zenye manyoya 7 ambazo chini yake zinachungulia ncha za yale ya mwanzo. Hizo tatu ni sarafu tatu tofauti. Hesabu ncha, usihesabu mashina. Kuhusu majivu, ndiyo, umekosea, ingawa hukujua. Dola isiyoguswa ina mng'ao unaozunguka ukiizungusha chini ya taa moja, kama miale ya gurudumu. Majivu yanakata mng'ao huo na kuacha mistari midogo maelfu. Sarafu iliyosuguliwa hainyimwi jina lake, ila kampuni za vyeti, zinazopanga sarafu kwa madaraja ya ubora, haziipi namba safi. Basi iache hivyo hivyo, wala usijaribu kuirudishia weusi. Hizo nyingine zisiguswe hata kwa kitambaa. Zishike kwa ukingo, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Hiyo soksi ya sufi ihifadhiwe kama kumbukumbu ya mzee.

Ya 1888, angalia kama nyuma ina O. Kama inayo, tazama midomo ya mwanamke. Kuna muhuri mmoja uliogongwa mara mbili ukasogea, ukatoa midomo, pua na kidevu vya kujirudia, na unaonekana hata bila lenzi. Unatafutwa sana hata ukiwa umechakaa. Halafu usidanganywe kuhusu nywele za juu ya sikio. Hapo ndipo pa kwanza kuisha dola ikitumika, pamoja na kifua cha tai, na madaraja yanaanzia kutazamwa hapo, kwenye ngazi ya ubora ya 1 hadi 70, ambapo 70 ni isiyo na kasoro. Ila New Orleans mara nyingi waligonga kwa nguvu ndogo, nywele zikatoka bapa tangu kuzaliwa. Ukiona pamelala bapa lakini mng'ao unapita juu yake bila kukatika, ni kugongwa kwa nguvu ndogo. Ukiona bapa na kufifia rangi kama kijivu, ni uchakavu. Mnunuzi akikuambia "hii imekwisha" na wewe unaona mng'ao unapita, mkatalie.

Ya 1921 ni ya kawaida kuliko zote. Philadelphia peke yake walitoa zaidi ya milioni 44 mwaka huo.

Ya 1780 inahitaji siku yake. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki Novemba 1780, na pwani yetu dola yake ndiyo iliyoitwa reale. Mwaka ule uliendelea kugongwa baada yake, Vienna, na baadaye Rome, Paris, Brussels, London, Birmingham hata Bombay, na zote zimeandikwa 1780. Kwa hiyo mwaka hautakuambia kitu. Huko kila kitu kiko kwenye mihuri: lulu za bruchi begani, manyoya ya mkia, nukta za herufi S.F. chini ya kifua, na mapambo katikati ya maneno ya Kilatini yaliyoandikwa ukingoni. Uzito wake ulikuwa gramu 28.07, yako itapungua kwa sababu ya tundu. Usimruhusu fundi yeyote alizibe tundu hilo. Hata mimi.

Mnyamwezi wa Kati

Shikamoo mzee wa Makoroboi. Nimesoma mara mbili. Kwetu Tabora habari ya mihuri haiko mbali. Mwaka 1916 Wajerumani walipofungiwa bahari waligonga heller 20, sarafu ndogo za koloni lao, kwenye karakana ya reli Lulanguru, za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, watu wengi wanazo ndani na hawajui. Na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, dhahabu yake ilitoka Sekenke. Mjukuu, kwenye sanduku la babu hakuna za namna hiyo?

Mjukuu wa Nansio

Hapana kaka, ni hizo tano tu. Asante.

Mzee wangu wa Makoroboi, nimefanya yote uliyosema. Nimeazima lenzi ya kukuza mara kumi kwa fundi saa pale Mlango Mmoja, nikamwachia kitambulisho changu. Nimekaa dirishani toka saa tatu asubuhi, mwanga wa ziwani ukiingia vizuri, mlango nimefunga.

Maji yalisoma 2.58. Nikafurahi sana, nikakumbuka ulichosema kuhusu 1998, nikatulia.

Juu ya T ni safi. Hakuna kistari. Nimeinamisha kulia, kushoto, nikazima taa nikawasha ya simu upande mmoja, nikamwita mdogo wangu mwenye macho makali, naye hakuona kitu. Mwaka umekaa sawasawa, 1 na 3 kwenye usawa mmoja. Kisha nikageuza. S ipo, imesimama vizuri, lakini kuizunguka kuna duara jembamba lenye weupe tofauti, kama pale mtu anapobandua plasta kwenye ngozi. Chini ya mkunjo wa kwanza wa S kuna kijishimo. Nimelia kidogo. Siyo kwa ajili ya pesa, nilimfikiria babu akiinunua bandari fulani na kuitunza miaka yote hiyo akiamini.

Nimempigia mnunuzi nikamwambia sisaini. Akasema basi, akakata simu. Hakuuliza hata kwa nini.

Ya 1888 ina O. Midomo ni ya kawaida, hakuna kujirudia. Ila mng'ao unapita juu ya sikio vizuri kabisa, nimeuona! Ya 1921 ina D ndogo sana.

Ya 1878 nimehesabu mara tano. Ncha ni 8. Na mistari ya majivu imejaa uso mzima, sasa naiona kila nikifumba macho. Nisamehe mzee, na babu anisamehe.

Sonara wa Makoroboi

Mwanangu, umefanya kazi ambayo watu wenye maduka hawaifanyi. Hakuna cha kusamehewa. Manyoya 8 ni manyoya 8, ni ya mihuri ile ya kwanza kabisa, na mkusanyaji ataichukua na mistari yake akijua anachonunua, kwa bei iliyopungua. D ya 1921 ni kiwanda cha Denver, mwaka pekee ambao Denver waligonga dola hii enzi zile. Ya New Orleans inaelekea ndiyo nzuri kuliko zote ulizonazo, nataka niione kwa macho kabla ya kutaja daraja.

Kuhusu 1893, usiing'oe hiyo S, usije ukaharibu zaidi. Andika kwenye bahasha yake kwa kalamu ya risasi: "1893, herufi S imepachikwa." Iandike kabla hujaweka sarafu ndani, kalamu isije ikaacha alama. Mtu atakayeinunua baada yako, na baada yake, asije akalipa akiba ya miezi minne. Na babu yako usimhuzunikie. Huenda alijua, huenda alipenda uso tu. Mabaharia walinunua vitu kwa sababu vilikuwa vizuri.

Njoo Makoroboi, uje na mtu mzima wa familia, msitembee na sarafu hizo jioni. Sichukui chochote kwa kuangalia. Kama mtataka kuzipeleka kwenye kampuni za vyeti, tutahesabu kwanza kama gharama inalipa. Kwa ile ya New Orleans huenda inalipa, kwa ya 1921 hailipi.

Kijana wa Mwaloni

Dada, niwie radhi kwa ushauri wa jana. Mzee, nami nina moja ya 1880 niliyopewa na mteja wa dagaa. Naweza kuja?

Sonara wa Makoroboi

Njoo. Usiisugue.

Mjukuu wa Nansio

Tutakuja Jumamosi, mzee. Mama mdogo anavuka kwa meli ya asubuhi, nitampokea bandarini tuje moja kwa moja.

Nilimsomea kwa simu yote uliyoandika kuhusu reale. Akanyamaza, kisha akasema ile haiuzwi. Anasema bibi aliivaa siku za sherehe akiwa bado msichana, na kwamba bibi alipofariki, babu mwenyewe ndiye aliyeitoa shingoni mwake. Mama mdogo alikuwa na miaka saba, anakumbuka kamba yake ilikuwa nyekundu. Atakuja nayo Jumamosi uisome lulu za bruchi, halafu anarudi nayo Nansio. Ameishanunua uzi.